Kaure na Chai katika Shehena ya Geldermalsen

Watafiti wa biashara ya Mashariki wamezoea kuanza na sahani, kwa kuwa sahani ndiyo iliyosalia. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jinsi mazoea hayo yanavyoweza kupotosha.

Geldermalsen, merikebu ya Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, iling'oa nanga Canton mwezi wa Desemba 1751. Tarehe 3 Januari 1752 ikapanda mwamba katika Bahari ya China ya Kusini, ikazama. Kati ya watu 112 walinusurika 32 tu, waliofika Batavia kwa mashua. Hati ya shehena yataja ratili zipatazo 687,000 za chai, na vyombo vya kaure zaidi ya 200,000, vikiwamo vikombe vya chai 63,623 pamoja na visahani vyake. Kwa kuhesabu vipande tungedhani kaure ndiyo iliyokuwa biashara. Kwa thamani, hata hivyo, chai ilichukua takriban nusu ya shehena, na kaure haikufikia sehemu ya kumi.

Kaure ilipakiwa kwa haja ya kibaharia. Chai ni nyepesi, tena hunyonya unyevu na harufu upesi. Makasha ya kaure yalipangwa chini kabisa, yakawa farumi na sakafu kwa pamoja: uzito wa kuituliza merikebu, na kitu kisichoharibika hata kikirowa.

Bahari iliugeuza mpango huo. Michael Hatcher alipoiopoa shehena mwaka 1985, chai ilikuwa tope, na tope hilo ndilo lililoihifadhi kaure. Mwaka 1986 farumi ikanadiwa Amsterdam kwa mamilioni ya guilda. (Merikebu yenyewe haikuchunguzwa ipasavyo, na wanaakiolojia walilalamika kwa haki.)

Nasi wa pwani tumo katika mtego huohuo. Vigae vya Kichina twaviokota Gede na Pate. Chai haiachi kigae. Alama yake yapasa itafutwe katika msamiati. Waholanzi, kwa njia ya wafanyabiashara wa Fukien, walipata thee. Wareno wa Macao walipata chá. Kiswahili kina chai, umbo lililo karibu na la Kiajemi na Kihindi. Yaelekea, basi, kwamba neno hili hatukulipokea kwa Mreno, ijapokuwa aliishika Ngome ya Mombasa tangu 1593 hadi 1698.