Nani kasema baridi ndiyo inatumaliza?

Najua nimepotea. UE zilinibana mpaka basi, zilipoisha nikarudi zangu nyumbani Chonyonyo kula ndizi na kulala. Sasa niko chuo tena, bumu bado halijatoka, kwa hiyo muda wa kuandika ninao tele. Leo nataka tuongelee riadha, tena riadha ya kwenye baridi kali. Msikimbie.

Kwetu kuna vijana wanafanya mchakamchaka wa asubuhi. Kikundi chenyewe hakina jina, hakina jezi, hakina katibu. Ni walimu wawili wa shule ya msingi, fundi baiskeli, bodaboda watatu hivi na wanafunzi wa sekondari walioko likizo. Mwezi wa saba alfajiri ya Karagwe si ya kuchezea: ukungu umelala juu ya migomba, umande unalowesha mpaka magoti, ukipumua unatoa moshi kama unavuta sigara. Nilijiunga nao siku ya tatu baada ya kufika. Kwenye kilima cha kwanza tu nikagundua kwamba wali maharage wa kantini umenifanyia kitu mbaya.

Baada ya mbio tunakaa kwenye kibanda cha chai. Siku hiyo bodaboda mmoja akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti: "Hawa wakimbiaji wetu huko nje hawashindwi na watu. Wanashindwa na baridi." Kibanda kizima kikaitikia. Mwalimu mmoja akampinga kwa kusema mbona Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko New Zealand, tena mwezi wa pili! Hapo nikalazimika kuingilia, maana ndiyo somo langu hilo. Ni kweli Bayi alikimbia Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na ilikuwa rekodi ya dunia. Lakini New Zealand iko kusini ya dunia, Februari kwao ni kiangazi. Mwalimu akaninunia, bodaboda akafurahi, na mimi nikabaki bila jibu. Je, kuna Mtanzania aliyewahi kwenda kushinda kwenye baridi yenyewe, Desemba na Januari za wenzetu?

Niliporudi chuo nikaanza kufukua. Wadau, wapo. Na wa kwanza ninayetaka kuwaambia habari zake alikuwa mwanafunzi wa chuo kama sisi.

Suleiman Nyambui ni mtu wa Majita, Musoma, yaani jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani, wao wanakiita UTEP. Kile chuo kilikuwa na timu ya mbio ambayo nikiisoma habari zake nacheka peke yangu maktaba. Kocha Ted Banks alijaza Waafrika: Watanzania, Wakenya, na hata Msauzi mmoja, Mathews Motshwarateu. Kwa upande wetu, pamoja na Nyambui walikuwepo Gidamis Shahanga, ambaye tayari alikuwa na dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978, na Zakaria Barie.

Mbio za nyika za vyuo vya Marekani fainali yake ni Novemba, baridi imeshaanza kuingia. Timu inahesabiwa kwa wakimbiaji watano wa kwanza: wa kwanza pointi moja, wa pili mbili, na kuendelea. Mwenye pointi chache ndiye bingwa. Kwa hiyo matokeo bora kuliko yote yanayowezekana ni 15, yaani watu wako watano wamefuatana kuanzia nafasi ya kwanza hadi ya tano. Mwaka 1980 Nyambui alikuwa bingwa wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1981 UTEP walipata pointi 17. Fikiria vyuo vyote vya nchi kubwa kama ile, halafu vijana kutoka huku wanakosa ukamilifu kwa pointi mbili! Makocha wa Kimarekani walilalamika sana kwamba hawa si wanafunzi, ni watu wazima. Hapo tuwe wakweli, Nyambui alizaliwa 1953, mwaka ule alikuwa na miaka 28. Mimi nikiwa na 28 natumaini nitakuwa nimeshaacha kulala mzungu wa nne.

Lakini utamu uko kwenye mbio za ukumbini. Wenzetu theluji ikishafunika viwanja hawalali, wanaingiza riadha ndani ya jengo. New York kuna mashindano ya zamani sana yanaitwa Millrose, yalikuwa yanafanyika ukumbi wa Madison Square Garden. Humo walikuwa wanatandika njia ya mbao, kona zimeinuliwa upande kama bakuli, na ni fupi mno: mizunguko 11 ndiyo maili moja. Mita 5,000 humo ni zaidi ya mizunguko 34, wadau. Kichwa kinazunguka, mbao zinapiga kelele, moshi wa sigara za watazamaji juu (miaka hiyo walikuwa wanavuta humohumo). Nje ni Februari ya New York.

Tarehe 6 Februari 1981 Nyambui alisimama humo na Alberto Salazar, Mmarekani aliyekuwa ametoka kushinda marathoni ya New York miezi michache nyuma. Salazar alikimbia dakika 13 na sekunde 22.6, rekodi ya Marekani. Hakushinda. Nyambui alimaliza kwa 13:20.4, muda bora kuliko wote duniani kwa mita 5,000 za ukumbini wakati ule. Mtu wa Majita, kwenye mbao, katikati ya baridi yao.

Sawa, najua bodaboda wangu angesema nini: "Huyo alikuwa ndani, kuna joto." Haya, tutoke nje. Twende Japani.

Wajapani marathoni zao kubwa waliziweka kwenye baridi makusudi. Fukuoka ni Desemba, Tokyo ilikuwa Februari, Ziwa Biwa ilikuwa Machi. Sababu ni rahisi ukiifikiria. Mwili unaokimbia ni jiko. Kazi kubwa ya mkimbiaji wa masafa marefu ni kutoa joto nje, siyo kulitafuta. Baridi ya kiasi inamsaidia. Kinachomtesa ni upepo, mvua ya barafu na misuli iliyokakamaa kabla ya mbio, basi.

Sasa kuna askari wa JWTZ, Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, mfupi wa kimo, ambaye staili yake ilikuwa moja tu: bunduki ikilia anakwenda mbele, mwenye mapafu amfuate. Desemba 1983 alikwenda Fukuoka. Salazar yuleyule alikuwepo na alibaki nyuma. Ila kulikuwa na Mjapani, Toshihiko Seko, aliyemganda Ikangaa mgongoni kama kupe, hakuongoza, hakusaidia kukata upepo, mpaka wanaingia uwanjani. Kwenye mita za mwisho kabisa Seko akachomoka. Seko 2:08:52, Ikangaa 2:08:55. Sekunde tatu baada ya kilomita 42! Mimi nikisoma hapo huwa nakasirika kana kwamba nilikuwepo, ingawa kimbinu Seko hakukosea kitu.

Ikangaa hakukimbia baridi baada ya hapo. Februari 1984 alishinda Tokyo. Februari 1986 akashinda Tokyo tena, 2:08:10. Desemba mwaka huohuo akarudi Fukuoka palepale alipopigwa, akashinda kwa 2:10:06. Marathoni mbili za baridi ya Japani ndani ya mwaka mmoja. Baadaye Samson Ramadhani naye alishinda Beppu-Oita Februari 2003 na Ziwa Biwa Machi 2007. Watoto wa shule wanamjua John Stephen Akhwari aliyemaliza wa mwisho Mexico 1968 na goti limefungwa bandeji, na ile ni habari kubwa, siipunguzi. Ila kwenye BTP niliuliza darasa zima la kidato cha tatu kuhusu Ikangaa, mmoja akajibu ni kijiji. Sikucheka. Hakuna aliyemfundisha.

Sasa hapa kuna jambo lilinivunja nguvu kidogo. Nilipokuwa nafukua nilikuwa na matumaini ya kurudi Chonyonyo na hoja nzuri: kwetu ni juu, kwetu kuna baridi na vilima, kwa hiyo sisi ndio tuliozaliwa kwa mbio za baridi. Haikubali. Majita ni ufukweni mwa ziwa, joto tupu. Dodoma mnaijua. Washindi wetu wakubwa wa baridi hawakutoka kwenye baridi. Na Karagwe yenye ukungu wote ule, nimetafuta jina la mkimbiaji wa kiwango chao, sijaliona.

Walichokuwa nacho ni timu. Nyambui alikuwa na chuo kilichomlisha, kikamlaza, kikampa kocha na wenzake wanaomkimbiza kila siku. Ikangaa alikuwa na jeshi. Hata Alphonce Simbu, aliyetuletea dhahabu ya kwanza kabisa ya Mashindano ya Dunia ya Riadha pale Tokyo Septemba 2025, ni askari wa JWTZ. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Tena siku hiyo ilikuwa joto, siyo baridi! Kwa hiyo hali ya hewa tuiache ipumzike.

Nimempigia simu yule bodaboda nikamsomea yote haya. Akakaa kimya, halafu akasema: "Sawa mwalimu, ila Ikangaa alikuwa na viatu."

Anayemsemea ni dogo mmoja wa kidato cha nne anayetuacha wote kwenye kilima cha pili kila asubuhi, anatusubiri juu huku anatetemeka, halafu anashuka nasi polepole kwa heshima. Anakimbia na yeboyebo. Zikilowa umande zinateleza, anazivua anashika mkononi. Anavaa namba 8. Kama kuna mdau ana raba za kukimbilia ambazo hazitumii, hata kama zimechoka kidogo, tuonane kantini Ijumaa baada ya semina. Kuna mtu anasafiri kwenda Kayanga Jumamosi.