Kabla ya Chogo: Mafundi Redio wa Nyanda za Juu Kusini

Wanaokumbuka kwa hamu ufundi wa redio na televisheni Mbeya na Iringa huchanganya vitu viwili visivyo rika moja. Redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Televisheni Tanzania Bara ilikuja 1994, takriban miaka 20 baada ya Zanzibar. Fundi wetu wa zamani, basi, ni fundi redio.

Redio zenyewe nyingi ziliunganishwa nchini: Philips wakiwa Arusha, Matsushita wakiwa Dar es Salaam, walikotengeneza pia betri za National. Kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya wanavijiji kuzunguka redio moja. Ikinyamaza hiyo, somo limekwisha. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, na redio mpya ikawa ya kutafutwa kwa tochi. Hapo ndipo fundi alipokuwa mfalme.

Maradhi aliyoyatibu hayakuwa mengi. Betri zilizosahaulika ndani zilivuja na kula springi. Kitufe cha sauti kilikwaruza kwa vumbi. Ugonjwa wa kuudhi kuliko yote ulikuwa kukatika kwa uzi unaovuta mshale wa stesheni: ilibidi fundi afungue kasha zima, auzungushe uzi mpya kwenye gurudumu dogo, aukaze kwa springi, kisha ajaribu kama mshale unatembea upande uleule kinakogeuziwa kitufe. Akikosea mzunguko mmoja, anaanza upya. Spika iliyochanika ilibandikwa karatasi kwa gundi, na spea zilichomolewa kwenye redio zilizokufa. Mwenye redio alirudi jioni kabla ya taarifa ya habari, au kabla ya mpira uliotangazwa na Ahmed Jongo.

Tusiupambe sana uhaba huo. Watu walianika betri juani ili zipate uhai wa siku moja zaidi, na hakuna aliyeliona hilo kuwa raha.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na madukani redio zikaanza kuonekana tena. Baadaye chogo, yaani televisheni ya zamani yenye mgongo nyuma, likaleta kazi mpya, na hatari mpya, maana kioo chake huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuzimwa. Lakini enzi yake ilikuwa fupi. Mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Mbeya ikafuata mwaka 2013. Chogo lingeweza kuendelea kwa king'amuzi, ila televisheni bapa zilishuka bei, na nyingi zikiharibika hubadilishwa bodi nzima.

Boma la Iringa sasa ni makumbusho. Nawaomba wasomaji wenye redio za mbao, pasi za kulehemu na madaftari ya mafundi wasiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Wawaulize kwanza wahusika wa Boma kama watavipokea. Na mafundi wazee walioko Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, warekodiwe wakiwa hai.