Kinachobaki Baada ya Ploti: Kaunti na Mgawanyo wa Ardhi ya Makazi nchini Kenya

Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ya hamsini kwa mia, ile inayotangazwa kandokando ya kila barabara kuu inayotoka Nairobi, ina futi za mraba 5,000. Wauzaji huiita sehemu ya nane ya ekari na wanunuzi huitikia, ingawa sehemu ya nane kamili ni futi 5,445. Kata ploti nane kutoka ekari moja: zinameza futi 40,000 na kuacha 3,560, yaani asilimia 8 hivi. Ikiwa ekari hiyo ni mraba, kila upande una futi 208 na ushei. Panga safu mbili za ploti nne nne zitazamane, na njia ya katikati itakuwa na upana wa futi nane na ushei, ambazo hazifiki mita 3. Lori la maji likiingia humo halina pa kugeukia, litatoka kinyumenyume. Barabara ya mita 9, ambayo wapangaji wengi wa miji huihesabu kuwa ya chini kabisa kwa mtaa wa makazi, ingehitaji zaidi ya futi za mraba 6,100 kwenye ekari hiyo. Hazipo.

Kwa hiyo mwenye shamba anayetangaza ploti nane kamili kwa ekari ana njia tatu tu: apunje ploti, apunje barabara, au ategemee barabara ya jirani. Mara nyingi hufanya zote tatu kwa pamoja, na mchoro wake hupitishwa. Hoja ya makala hii inatoka hapo. Kaunti zinapopitia maombi ya kugawa ardhi na kubadilisha matumizi yake, hukagua ploti: ukubwa wake, umbo lake, hatimiliki yake, ada yake. Kinachostahili kukaguliwa kwanza ni ardhi inayobaki baada ya ploti, kwa sababu hiyo ndiyo mali pekee ambayo umma unaipata au kuikosa siku ya uamuzi. Mengine yote mwenye ploti anaweza kuyarekebisha baadaye kwa fedha zake.

Sheria imewapa maofisa nyenzo za kutosha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na upimaji wa ardhi na makazi, mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inamtaka anayegawa ardhi au kubadilisha matumizi yake apate kibali cha kaunti kwanza. Maombi husambazwa kwa idara husika, zikiwemo za barabara, maji, afya na mazingira, ili zitoe maoni. Umma hujulishwa na kualikwa kupinga. Kaunti inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kuacha ardhi kwa ajili ya barabara, shule au uwanja wa wazi. Asiyeridhika hukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayejenga au kugawa bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Ardhi ya kilimo ina mlango mwingine wa ziada: idhini ya bodi ya ardhi chini ya sheria ya 1967.

Mbona basi matokeo ni yale yale? Jibu la haraka ni rushwa, na sina haja ya kulikanusha. Lakini ofisa mwadilifu kabisa, akifuata utaratibu hatua kwa hatua, anaweza kuzalisha mtaa mbovu, na hilo linanitia wasiwasi zaidi. Maombi ya kubadilisha matumizi, kutoka kilimo hadi makazi, huja na faili lake. Ya kugawa huja na jingine, pengine mwaka mwingine. Faili la kwanza linauliza iwapo eneo linafaa kuishi watu. Jibu ni ndiyo, kwa sababu majirani wameshajenga. Faili la pili linauliza iwapo ploti zimechorwa sawasawa. Nalo jibu ni ndiyo, kwa sababu matumizi yameshabadilishwa. Hakuna faili linalouliza ekari hizi, zikiungana na zile za jirani aliyekuja mwezi uliopita na za yule atakayekuja mwakani, zitaacha wapi shule ya msingi. Kila ekari huja peke yake, na ekari moja haiwezi kudaiwa shule.

Mfano ulio wazi ni Kitengela. Uwanda huo, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ulikuwa ardhi ya Wamaasai iliyosajiliwa kwa ranchi za kikundi chini ya sheria ya 1968. Ranchi ya Kitengela ilikatwa kwa wanachama wake mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila familia ilipata kipande chake, na kila kipande kikawa na hatimiliki inayoweza kuuzwa. Eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River lilianzishwa 1990 karibu na hapo na kuleta wafanyakazi waliohitaji vyumba. Kilichofuata hakikuwa uamuzi wa mtu yeyote. Familia moja iliuza ekari tano kulipia karo, nyingine kumi kwa sababu ya ukame, mnunuzi akakata, na mnunuzi wa mnunuzi akakata tena. Mwaka 2000 mpango wa kukodisha ulianza, wenye mashamba wakilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ua wala kugawa, nyumbu na punda milia waendelee kupita kati ya hifadhi na tambarare za kusini. Dola 4 zingeshindanaje na bei ya ploti? Nyumbu waliokuwa wakihesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 wamebaki wachache mno. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini Kitengela, na Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840.

Tuache wanyama kando kwa sasa, maana wakitajwa mjadala hugeuka kuwa watu dhidi ya nyumbu, na hapo wenye mabango ya ploti hushinda kabla hawajafungua kinywa. Tutazame choo. Uwanda wa Athi una udongo mweusi unaofura kwa mvua na kupasuka kiangazi. Hauyapitishi maji vizuri, kwa hiyo shimo la choo hujaa upesi na kufurika. Mitaa mingi haina bomba la majitaka, na wengi wanategemea visima. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Ploti ya hamsini kwa mia ina urefu wa mita 30 na nusu. Mwenye ploti akichimba kisima mbele kabisa na choo nyuma kabisa, karibu anatimiza kipimo, ilimradi jirani wa nyuma asiwe na kisima chake upande huo huo wa ukuta. Mchoro wa mgawanyo hauonyeshi visima vya majirani. Ofisa wa afya akiombwa maoni kuhusu ekari moja, anaandika kwamba hana pingamizi, na kwa ekari ile aliyopewa hakukosea.

Wapinzani wa hoja hii wana neno zito la kusema. Viwango vya mipango, watasema, ndivyo vilivyotumiwa na serikali ya kikoloni kuwafungia Waafrika nje ya mji, na baada ya uhuru vikawa ukuta kati ya mwalimu na nyumba yake mwenyewe. Ploti ya hamsini kwa mia ndiyo iliyouvunja ukuta huo. Kaunti ikidai barabara pana, uwanja wa wazi na shule, gharama itaangukia mnunuzi wa mwisho, naye atahamia mahali pasipo kibali kabisa. Historia ya miji yetu inawaunga mkono.

Lakini rudi kwenye hesabu. Ukikata ploti za futi 40 kwa 80 katika ekari ile ile ya mraba, safu mbili za ploti tano tano zinachukua futi 32,000. Umepata ploti kumi, si nane, na zinabaki futi 11,560, zaidi ya robo ya ekari. Nafasi ya katikati ina upana wa futi 48: barabara ya mita 9 inaingia, na pembeni pake kunabaki futi 18 za mtaro, miti na njia ya miguu. Ploti ndogo zimeupa umma ardhi zaidi na kumpa mwenye shamba wanunuzi wawili wa ziada. Kumbe kinachoziba barabara ni ukubwa wa ploti uliozoeleka, ambao hakuna sheria ya asili iliyouamuru, na ambao soko linaushikilia kwa sababu kila mnunuzi anaujua kwa jina. Kaunti inayoogopa kuonekana adui wa maskini ingeanza hapa: iruhusu ploti ndogo kwa moyo mkunjufu, na iwe ngumu kama jiwe juu ya kinachobaki.

Sharti la ploti ndogo, hata hivyo, haliepukiki. Ploti ya 40 kwa 80 haina mita 30 hata ukipima kona hadi kona. Kisima cha kila nyumba na choo cha kila nyumba haviwezi kukaa humo pamoja. Maji lazima yawe ya pamoja, au majitaka yawe ya pamoja, na mojawapo lazima ipewe ardhi, ambayo itatoka katika kile kile kinachobaki. Hapo maombi ya ekari moja moja yanakwama, na ndiyo maana mabadiliko ya matumizi na mgawanyo vinapaswa kusikilizwa katika kikao kimoja, kwa eneo zima, mchoro ukionyesha mashamba ya pande zote nne na barabara zinakounganishwa. Mashamba ishirini yakichorwa pamoja, shule inapata mahali.

Jijini Nairobi tatizo hili la kibali kimoja kimoja huja kwa sura nyingine. Mwongozo wa kanda wa 2004 uliruhusu ghorofa nne Kilimani na Kileleshwa. Leo majengo yamepita hapo kwa mbali, kila moja na kibali chake, huku bomba chini ya barabara likiwa lile lile.

Kuhusu ushiriki wa umma, nina shaka na matumaini tunayoweka kwenye bango na tangazo la gazeti. Anayesoma bango ni jirani wa leo, na mara nyingi jirani wa leo naye anataka kugawa shamba lake, hivyo kibali cha mwenzake ni habari njema kwake. Watakaoumia na njia ya futi nane bado wanaishi kwa kupanga Umoja au Rongai na hawajasikia jina la mtaa huo. Hawawezi kuleta pingamizi. Katika kikao cha kusikiliza maombi hakuna anayewawakilisha isipokuwa maofisa wa kaunti wenyewe, na hiyo ndiyo kazi ambayo faili haliwakumbushi.

Kuna kifungu kimoja katika sheria ya 2019 kinachoifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Nia yake naielewa: faili zilikuwa zikilala mezani miaka hadi ziamshwe kwa bahasha. Kwa ukarabati wa ukuta, kifungu hicho ni haki tupu. Kwa kugeuza shamba kuwa mtaa, kinaugeuza upungufu wa wapangaji katika ofisi ya kaunti kuwa uamuzi wa kudumu juu ya ardhi. Kaunti yenye wapangaji wachache na maombi mengi itaidhinisha zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kusema. Bunge lingekitenga: ukimya usihesabike kuwa ndiyo pale matumizi ya ardhi yanapobadilika au ardhi inapogawanywa.

Hata pale kaunti inapodai ardhi na kuipata, kazi haijaisha. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi viwanja vilivyotengwa kwa shule, masoko na barabara vilivyogawiwa watu binafsi. Kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Aprili 2023, ilihusu kiwanja cha Nyali kilichokuwa kimetengwa kuwa eneo la wazi, kikagawiwa mtu binafsi mwaka 1989, kisha kikauzwa na kuuzwa tena. Mahakama ilisema mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati ikiwa mgao wa kwanza ulikuwa batili. Uamuzi mzuri, lakini ulikuja zaidi ya miaka thelathini baada ya mgao, na njia ya kwenda pwani ilifunguliwa kwa kubomoa ukuta. Somo la ofisi ya mipango ni dogo na la kiutendaji: hati za ploti zisitolewe kabla ya hati ya kinachobaki kuandikishwa kwa jina la kaunti. Mchoro wenye maneno "eneo la wazi" haumzuii mtu.

Wenzetu wa Dar es Salaam wanaujua mwisho wa barabara hii. Kimara, ambako watu waliuziana mashamba vipande vipande na mpangaji wa miji akaja baadaye, urasimishaji umewalazimu wenye nyumba kuketi na majirani, wakijadiliana nani aachie ukanda upi wa ua wake ili barabara ipite, mara nyingi bila fidia. Wanaoachia ni wale ambao ukuta wao uko kwenye njia, si wale waliouza.

Hapo ndipo swali gumu linapobaki kwa kaunti za Kenya. Mwenye shamba wa kwanza kuomba kibali kwa utaratibu mpya ataacha robo ya ekari kwa barabara itakayowafaa majirani wake watatu waliokwisha kukata bila kuacha chochote. Ana haki ya kuuliza kwa nini yeye. Sheria inairuhusu kaunti kutoza ada za maendeleo, na ada hiyo ikielekezwa kwa wale ambao mashamba yao yatatumia barabara ya mwenzao, angalau mgawanyo wa mzigo ungeanza kufanana na mgawanyo wa faida. Itabidi mtu aanze kuitoza kwa wenye hati tayari, na huyo ni mwanasiasa anayetafuta kura zao.