Msiba wa Challenger: Pete ya Mpira na Neno Lisilosikiwa

Tarehe 28 Januari 1986, siku ya Jumanne, chombo cha angani kiitwacho Challenger kiliondoka pwani ya Florida, katika nchi ya Marekani, saa 5 na dakika 38 asubuhi. Ndani yake walikuwamo watu 7, wanaume 5 na wanawake 2. Baada ya sekunde 73 tu kilivunjika vipande vipande, kikiwa kimepanda kilometa 14 hivi juu ya bahari. Wote 7 walikufa.

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari hiyo. Walakini wakiulizwa sababu yake, hujibu tu: roketi ililipuka. Jibu hilo halitoshi. Tukichunguza vema twaona sababu mbili: moja ya mtambo, nyingine ya watu. Ile ya mtambo ilitengenezwa, na baada ya miezi 32 vyombo vikaruka tena. Ile ya watu ilirudi miaka 17 baadaye, ikaua wengine 7. Basi, tuzitazame zote mbili kwa utaratibu.

1. Wasafiri na safari yao

Vyombo vya namna hii vilianza kuruka mwaka 1981. Roketi za zamani zilitumika mara moja, zikaisha. Hivi vipya viliondoka kama roketi, vikatua kama ndege, kisha vikaruka tena. NASA, yaani idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mambo ya anga, iliahidi ya kwamba safari hizo zitakuwa jambo la kawaida. Katika mwaka 1985 peke yake zilifanyika 9. Kabla ya msiba zilikuwa zimekwisha pita safari 24, na wote walirudi wazima. Watu wakazoea. Hata vituo vikubwa vya televisheni, karibu vyote, viliacha kuonyesha maruko hayo papo hapo.

Lakini safari ya 25 ilikuwa na jambo jipya. Mwaka 1984 Rais Reagan alitangaza ya kuwa raia wa kwanza kupelekwa angani atakuwa mwalimu. Waliojiandikisha walipita 11,000. Akachaguliwa bibi Christa McAuliffe, mwalimu wa shule ya sekondari mjini Concord, mama wa watoto 2. Ilikusudiwa afundishe masomo mawili akiwa huko juu. Kwa ajili hiyo NASA ilipeleka picha za televisheni katika shule nyingi, na asubuhi ile watoto maelfu kwa maelfu walikuwa wameketi darasani wakimtazama mwalimu akiondoka.

Wenzake walikuwa Francis Scobee, mkubwa wa chombo, Michael Smith, rubani, Judith Resnik, Ellison Onizuka, mzaliwa wa Hawaii, Gregory Jarvis, fundi wa kompani, na Ronald McNair, mtaalamu wa fizikia kutoka South Carolina, ambaye mwaka 1984 alikuwa Mmarekani mweusi wa pili kufika angani.

2. Ufa uliojulikana

Chombo hicho kiliondolewa ardhini kwa nguvu ya injini zake mwenyewe pamoja na roketi mbili zilizofungwa ubavuni mwa tangi kubwa. Kila roketi ilikuwa na urefu wa meta 45 hivi. Zilitengenezwa na kompani ya Morton Thiokol katika jimbo la Utah, mbali sana na bahari. Kwa kuwa zilikuwa kubwa mno, zilisafirishwa kwa garimoshi vipande vipande, kisha zikaunganishwa Florida.

Katika kila kiungo ziliwekwa pete mbili za mpira, zikizunguka roketi yote. Unene wa pete haukufika sentimeta moja. Kazi yake ilikuwa kuziba, ili moto wa ndani usipenye nje. Roketi inapowashwa, chuma chake husukumwa na nguvu ya moto, na pale kwenye kiungo pengo hutaka kufunguka. Lazima mpira utanuke upesi sana, kabla ya sekunde moja kwisha, na kuliziba. Mpira wenye joto hufanya hivyo bila shida. Mpira wenye baridi huwa mgumu na mvivu.

Je, ubaya huo haukujulikana? Ulijulikana. Tangu safari ya pili, mwezi wa Novemba 1981, mafundi walikuta pete iliyoliwa na moto. Mwezi wa Januari 1985 chombo kiliruka wakati pete zilipokuwa na joto la nyuzi 12 hivi za Selsiasi, na masizi meusi yakaonekana yamepita pete ya kwanza. Mwezi wa Julai mwaka ule, fundi mmoja wa Thiokol, Roger Boisjoly, aliwaandikia wakubwa wake barua, akawaonya ya kuwa wasipotengeneza jambo hili upesi, utatokea msiba wa kupoteza roho za watu.

Kazi ya kutengeneza ilianza polepole, lakini safari hazikusimamishwa. Kila mara chombo kiliporudi salama, ile hatari ya jana ilionekana ndogo leo. Pete iliyoungua, ambayo mwanzoni iliwashtua watu, mwishowe iliandikwa katika vitabu kama jambo la kawaida. Wahenga wetu walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hapa ufa ulionekana, ukapimwa, ukahesabiwa, ukaachwa.

3. Usiku wa tarehe 27

Safari ilikuwa imekwisha ahirishwa mara kadhaa. Siku ile baridi kali iliingia Florida, nchi iliyozoea joto. Usiku maji yaliganda, na barafu ikaning'inia katika mnara wa kuondokea.

Mafundi wa Thiokol walipopata habari ya baridi hiyo, wakaomba mkutano wa simu. Wengine walikuwa Utah, wengine Alabama penye kituo cha NASA kilichosimamia roketi, wengine Florida. Boisjoly na mwenzake Arnold Thompson walionyesha picha na hesabu zao. Wakasema: chombo kisiruke mpaka joto lifike nyuzi 12. Wakubwa wa kompani waliwaunga mkono.

Wasimamizi wa NASA hawakupendezwa. Mmoja aliuliza kama wanataka wangojee mpaka mwezi wa Aprili. Ndipo wakubwa wa Thiokol wakaomba nafasi ya kushauriana peke yao. Katika shauri hilo mkubwa mmoja alimwambia mkuu wa mafundi avue kofia ya ufundi, avae kofia ya uongozi. Naye akakubali. Mafundi hawakuulizwa tena. Wakarudi kwenye simu, wakasema: ruka.

Tuangalie sana jambo moja. Siku nyingine zote fundi aliulizwa: waweza kuhakikisha ya kuwa chombo ni salama? Usiku ule swali liligeuzwa: waweza kuhakikisha ya kuwa si salama? Nani aweza kuhakikisha msiba usiotokea bado? Kwa kugeuza swali tu, mwenye shaka alifanywa kuwa mshitakiwa.

Allan McDonald, mjumbe wa Thiokol huko Florida, alikataa kutia sahihi. Mkubwa wake akatia badala yake kutoka Utah. Tena wale wakuu wa juu kabisa wa NASA, wenye amri ya mwisho, hawakuambiwa hata kidogo ya kuwa mafundi walibishana usiku ule. Neno lilikufa njiani.

4. Sekunde 73

Asubuhi joto lilikuwa nyuzi 2 hivi. Roketi zilipowashwa, kabla ya sekunde moja kwisha, moshi mweusi ulitoka katika kiungo cha chini cha roketi ya kuume. Kisha ukakoma. Baada ya sekunde 58 ndimi za moto zikaonekana mahali pale pale. Moto huo ulichoma tangi lililojaa haidrojeni na oksijeni, pamoja na chuma kilichoishikilia roketi. Katika sekunde ya 73 tangi lilipasuka, na nguvu ya upepo ikakirarua chombo. Chumba cha wasafiri kilitoka katika wingu lile kikiwa karibu kizima, kikaanguka baharini. Kilionekana mwezi wa Machi, chini ya maji.

Jioni ile Rais alikuwa ahutubie Baraza la taifa. Akaahirisha hotuba hiyo, akasema na taifa lote lililofiwa, na hasa na watoto wa shule walioona kwa macho yao.

5. Tume na glasi ya maji

Rais aliunda tume chini ya William Rogers. Ndani yake walikuwamo Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, na Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika angani. Alikuwamo pia Richard Feynman, bingwa wa fizikia. Siku moja ya Februari, mbele ya watu wote, Feynman alichukua kipande cha mpira wa pete, akakibana, akakitia katika glasi ya maji yenye barafu. Alipokitoa na kukiachilia, hakikurudia umbo lake upesi. Jambo lililokuwa limefichwa katika makaratasi mengi likaonekana hata kwa mtoto.

Taarifa ya tume, ya mwezi wa Juni 1986, ilisema wazi: kiungo kilikosewa tangu kuchorwa, na njia ya kukata shauri nayo ilikuwa na kasoro. Feynman aliongeza ya kuwa wakubwa wa NASA walihesabu hatari ya kupoteza chombo kuwa moja katika safari 100,000, lakini mafundi walisema karibu moja katika 100. Nani alisema kweli? Mpaka mwisho wa kazi hiyo mwaka 2011, vyombo viliruka mara 135, na viwili vilipotea.

6. Alama zilizobaki

Msiba huu uliacha alama nyingi. Vyombo vilikaa chini mpaka tarehe 29 Septemba 1988. Viungo vilichorwa upya, naye McDonald, aliyeshushwa cheo kwa kuwa alisema kweli mbele ya tume, akarudishwa kuiongoza kazi hiyo. Biashara ya kupeleka satelaiti za makampuni ikaondolewa katika vyombo hivyo. Raia wa kawaida hawakupelekwa tena kwa miaka mingi. Barbara Morgan, mwalimu aliyewekwa tayari kushika nafasi ya McAuliffe, alifika angani mwaka 2007 tu.

Jamaa za marehemu hawakutaka majengo ya mawe peke yake. Katika mwaka ule ule wa 1986 walianzisha shirika la vituo vya kufundishia watoto elimu ya anga. Na kwa jina la McNair serikali iliweka msaada wa kuwawezesha wanafunzi wa jamaa maskini kufikia masomo ya juu. Hivyo somo la mwalimu halikukatika kabisa.

Lakini tarehe 1 Februari 2003 chombo kingine, Columbia, kilivunjika juu ya Texas kikirudi duniani. Watu 7 wakafa. Kipande cha povu gumu kilikuwa kimebanduka katika tangi siku ya kuondoka, kikapiga bawa la kushoto. Povu lilikuwa limebanduka mara nyingi zamani, na kwa kuwa halikuua mtu, lilizoeleka. Wachunguzi walisema wazi ya kuwa walisikia humo mwangwi wa Challenger. Mpira ulibadilishwa, mazoea hayakubadilishwa.

Na wale mafundi? Boisjoly alitengwa na wenzake, akaiacha kompani, akatumia miaka iliyobaki kuwafundisha vijana wa ufundi wajibu wa kusema kweli. Habari yake yasomwa leo katika shule nyingi za mainjinia. Mwenzake Bob Ebeling, aliyekuwa amemwambia mkewe usiku ule ya kuwa chombo kitalipuka, alibeba huzuni miaka 30. Mwaka 1986 alisema redioni bila kutaja jina. Mwaka 2016, akiwa na miaka 89, alisema kwa jina lake ya kuwa Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Ingefaa achague mtu hodari zaidi wa kusema. Wasikilizaji mamia wakamwandikia barua za kumfariji. Akapata utulivu, akafa mwezi wa Machi mwaka ule.

Sisi twaona ya kuwa mzee huyu alijishitaki bure. Alisema, na wenzake walisema, kwa hesabu na kwa picha. Kilichopungua hakikuwa kinywa, bali sikio. Kila mwenye madaraka, awe mkubwa wa serikali, nahodha wa mashua, au msimamizi wa jengo la shule, aweza kujiuliza: mtu wa chini akiniletea neno la hatari, namwuliza nini? Namwuliza kama kazi ni salama, au namdai ahakikishe ya kuwa si salama?