Mchezo Uliotungwa na Wenye Kazi Zao

Michezo mingi huanzishwa na watu wanaojifurahisha, kisha fedha zikiingia wachezaji wa ridhaa husogezwa jukwaani wakawe watazamaji. Mpira wa miguu ulipita njia hiyo, tenisi vilevile, na mbio za baiskeli za barabarani nazo. Mbio ndefu za michezo mitatu, zile za kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kulala katikati, hazikupita huko. Hadi leo, katika mashindano ya Ironman, bingwa anayeishi kwa zawadi na wadhamini hushindana siku moja na mwalimu au mhasibu aliyeomba likizo ofisini. Wanaogelea maji yaleyale, wanapanda vilima vilevile, na mstari wa kumalizia ni mmoja. Wapo wanaodhani huo ni ukarimu wa waandaaji, au ni ujanja wa kukusanya ada za watu wengi. Ada zinakusanywa kweli, na nitalifikia jambo hilo. Lakini ukiifuatilia historia ya mchezo wenyewe tangu mwanzo, unakuta kwamba umbali wake, muda wake na taratibu zake vilipimwa kwa mtu mwenye kazi nyingine ya kumlisha. Wanaolipwa walikuja baadaye, wakakuta nyumba imekwisha kujengwa.

Ufaransa ilikuwa na mashindano ya aina hii tangu miaka ya 1920, ila uzi unaofika hadi kwetu unaanzia San Diego, California. Hapo klabu moja ya wakimbiaji ilikuwa na wanachama waliochoka kukimbia kiwanjani tu, na wawili kati yao, Jack Johnstone na Don Shanahan, wakaandaa mashindano ya kukimbia, baiskeli na kuogelea katika ghuba ya Mission Bay tarehe 25 Septemba 1974. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na mbio zilianza jioni. Jambo hilo dogo linaeleza mengi. Watu walitoka kazini kwanza, ndipo wakaenda kushindana. Walijitokeza 46, na giza likawakuta wa mwisho wakiwa bado majini, ikabidi magari yawashe taa kuwamulikia njia ya ufukweni. Mchezo wa wanaolipwa haupangwi Jumatano jioni. Miongoni mwa waliokuwapo ni afisa wa Jeshi la Majini la Marekani, John Collins, pamoja na mkewe Judy, na wao ndio walioibeba mbegu hiyo hadi Hawaii.

Huko Honolulu, mwaka 1977, katika hafla ya kutoa zawadi za mbio za kupokezana kuzunguka kisiwa cha Oahu, palizuka ubishi: nani ana stamina zaidi, mkimbiaji au mwogeleaji? Collins akaingiza hoja ya tatu, waendesha baiskeli, kwa kumtaja Mbelgiji Eddy Merckx. Ubishi ukamalizwa kwa pendekezo la kuunganisha mashindano matatu ambayo tayari kisiwa kilikuwa nayo: kuogelea Waikiki, takriban kilomita 3.8, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli, safari iliyokuwa ikichukua siku mbili, wakaikata kidogo ikawa kilomita 180, na marathoni ya Honolulu, kilomita 42.2. Vipimo hivyo, ambavyo leo vinaheshimiwa duniani kote kana kwamba vilitoka maabara, vilitoka kwenye kalenda ya vilabu vya mtaani. Tarehe 18 Februari 1978, katika Ironman hiyo ya kwanza, walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Aliyeshinda, Gordon Haller, alikuwa dereva wa teksi, na alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Aliyemfuata, John Dunbar, aliwahi kuwa komando wa Jeshi la Majini. Kila mshindani alikuja na wasaidizi wake wa kumpa maji na chakula, na wasaidizi wa Dunbar walipoishiwa maji wakampa bia. Waliomaliza walipewa sanamu ndogo ambazo Collins alizitengeneza mwenyewe kwa vipande vya bomba, nati ikiwa ndiyo kichwa. Mwaka uliofuata alishinda Tom Warren, mwenye baa huko San Diego, na mwanamke wa kwanza kushiriki, Lyn Lemaire, mwendesha baiskeli kutoka Boston, akashika nafasi ya tano kati ya wote.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mtu atasema: kila mchezo una hadithi kama hizo za mwanzo, na kilichoukuza huu ni televisheni, wala si dereva wa teksi. Ni kweli kwamba makala ya jarida la Sports Illustrated mwaka 1979 ndiyo iliyoyatangaza mashindano ya Hawaii kwa Wamarekani, na kwamba mwaka 1980 kamera za kituo cha ABC zilikuwapo Dave Scott aliposhinda kwa saa 9 na dakika 24. Mwaka 1981 Valerie Silk, aliyekuwa akiyaendesha mashindano, aliyahamishia Kona, katika Kisiwa Kikubwa, mbali na msongamano wa Honolulu, kwenye barabara inayokatiza nyanda za mawe meusi ya volkano, joto na upepo mkali. Lakini tujiulize kamera hizo zilionyesha nini kilichowagusa watazamaji. Februari 1982 mwanafunzi wa chuo, Julie Moss, aliyeingia mbioni ili kukusanya taarifa za utafiti wake wa masomo, alikuwa akiongoza wanawake karibu na mwisho pale miguu ilipogoma. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita hatua chache kabla ya mstari, na Moss akamaliza kwa kutambaa, nyuma kwa sekunde 29. Ushindi wa Scott ulileta heshima. Kutambaa kwa Moss ndiko kulikoleta watu. Televisheni haikuubadili mchezo uwe wa mabingwa. Ilimwonyesha mtazamaji mtu kama yeye, na wengi wakataka nafasi. Fedha za zawadi zilianza kutolewa Hawaii mwaka 1986, miaka minane tangu mbio za kwanza, wakati mila za mchezo zilikuwa zimekwisha kukomaa.

Mila iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kikomo cha muda. Mwaka 1983 Kona iliweka saa 17: ukianza saa moja asubuhi, una hadi saa sita usiku. Bingwa hahitaji kikomo kama hicho hata kidogo. Anakuwa amekwisha kula na kulala. Kimewekwa kwa ajili ya yule wa mwisho, na kwa ajili yake barabara hufungwa, maelfu ya wenyeji hujitolea kugawa maji na ndizi, madaktari hukesha. Ndiyo maana saa ya mwisho kabla ya usiku wa manane hujaza watu wengi pale mstarini. Makundi ya umri nayo ni hivyohivyo: mtu wa miaka 50 hushindana na wa rika lake, hata kundi lenyewe likibidi kuongezwa kwa sababu amejitokeza mtu mzee kuliko ilivyotarajiwa. Mtawa wa Kikatoliki Madonna Buder alisababisha hilo zaidi ya mara moja, na mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza Ironman ya Kanada.

Wapinzani wengine husema mashindano ambamo kumaliza tu ni ushindi si mashindano, ni matembezi yenye medali. Jibu lipo katika rekodi za Kona. Mwaka 2015 Mjapani Hiromu Inada, mwenye miaka 82, alifika mstarini akiwa amechelewa kwa sekunde 5. Hakuhesabiwa. Umati wote uliokuwa ukimshangilia ulitaka ahesabiwe, na sheria ikakataa. Alirudi, na mwaka 2018, akiwa na miaka 85, akamaliza ndani ya muda, mwanamume mzee kuliko wote waliowahi kumaliza mbio hizo hadi siku hiyo. Kipimo kinachoweza kumkataa mtu kwa sekunde 5 baada ya takriban saa 17 ni kipimo cha kweli. Tofauti yake na vingine ni kwamba mshindani hupambana na saa, wala hahitaji kumwangusha mwingine ili afaulu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Neno ridhaa lina historia chafu katika michezo. Katika karne ya 19 sheria za wapiga makasia wa Uingereza ziliwatenga mafundi na vibarua, kwa hoja kwamba mtu anayeishi kwa nguvu za mikono yake si wa ridhaa. Mwaka 1913 Jim Thorpe, Mmarekani wa asili, alinyang'anywa medali mbili za dhahabu za Olimpiki ya Stockholm kwa kuwa aliwahi kulipwa kidogo kucheza besiboli, na ilifika 2022 ndipo akatambuliwa tena kuwa mshindi pekee. Ridhaa ya aina hiyo ilikuwa uzio wa matajiri. Je, Ironman ya leo haijajenga uzio mwingine? Baiskeli ya mashindano hugharimu maelfu ya dola, ada ya kuingia ni mamia, na mwaka 2015 kampuni ya Kichina ya Wanda iliinunua kampuni inayomiliki Ironman kwa dola milioni 650. Hapa sitetei. Dereva wa teksi wa mwaka 1978 angepata shida kujiandikisha leo, na hilo ni hasara ya kweli. Ila uzio huu ni wa wauzaji, haukutoka katika sheria za mchezo: hakuna kanuni inayomzuia mtu kushindana kwa baiskeli ya kawaida, mradi breki zinashika na amefika kabla ya muda. Wapo vilevile waandaaji wadogo, vilabu na shule, wanaotumia mfumo uleule kwa umbali mfupi na ada ndogo, kama San Diego ya 1974.

Afrika Mashariki imeanza kuujua mchezo huu kwa karibu. Agosti 2022 Rwanda iliandaa Ironman ya nusu umbali huko Rubavu, kandokando ya Ziwa Kivu, mwendo mfupi tu kutoka Goma: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Mbio tunazo, na baiskeli hubeba mizigo na abiria katika eneo lote la Maziwa Makuu. Kinachowafungia nje vijana wengi ni kuogelea, kwa kuwa mabwawa yako hotelini na katika shule za ghali, wakati wavuvi wa Kivu na wa pwani ya Mombasa na Unguja wanayajua maji tangu utotoni bila kuandikishwa na klabu yoyote. Vyama vya riadha vya nchi zetu vikitaka kuanza, viwaendee hao kwanza, siku ya kazi ikishakwisha, kwa baiskeli walizonazo.