Bung'eda: Makaburi Matakatifu ya Tambarare za Basotu

Bung'eda ni kaburi la heshima ambalo Wabarabaig humjengea mzee aliyetukuka. Kwa umbo ni kama kichuguu kikubwa cha udongo, miti na samadi ya ng'ombe, kinachopandishwa hatua kwa hatua mpaka kizidi kimo cha mtu. Makaburi ya aina hii yametawanyika katika Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, na mengi yako kwenye tambarare za Basotu, magharibi mwa Mlima Hanang. Wabarabaig hawakujenga mahekalu. Bung'eda ndiyo mahali pao pa ibada, pa kumbukumbu na pa hija.

Wabarabaig ni tawi kubwa la Wadatoga, wafugaji ambao lugha yao ni ya kundi la Waniloti wa Kusini. Wamaasai waliwaita Mang'ati, yaani adui, na jina hilo limebaki kwenye tambarare zilizo chini ya Mlima Hanang. Hapo kale Wadatoga waliishi kaskazini zaidi, pamoja na nyanda za juu za Ngorongoro, hadi Wamaasai walipowashinda na kuwasukuma kusini katika karne ya 19. Mifugo yao waliondoka nayo, lakini makaburi hayahami. Katika kreta ya Ngorongoro lilibaki kaburi la kiongozi wao, na wazee wa Kidatoga wameendelea kufunga safari kwenda kuomba hapo, ingawa nchi ile haikuwa yao tena.

Kusini walipata nchi ya kuwafaa. Basotu ni eneo la kreta za kale za volkano, na mojawapo imejaa maji na kuwa Ziwa Basotu, lenye samaki na viboko. Udongo wake una rutuba na nyasi zake ni nzuri. Wabarabaig huyaita malisho bora ya namna hii muhajega, na katika mzunguko wao wa kuhama na mifugo waliyategemea kuliko mengine. Hawakukaa hapo mwaka mzima. Walifika kwa msimu, wakaondoka ili nyasi zipumzike, kisha wakarudi. Mahali ambapo watu hurudi mwaka baada ya mwaka ndipo wazee wao wanapozikwa, kwa hiyo malisho hayo yakawa pia nchi ya makaburi.

Si kila mtu aliyejengewa bung'eda. Zamani miili ya watu wengi ilipelekwa porini bila kuzikwa, kama ilivyokuwa desturi ya wafugaji kadhaa wa Afrika Mashariki. Heshima ya kaburi ilikuwa ya mzee mwenye uzao mkubwa, mwenendo mwema na neno lililosikilizwa katika girgwageda, yaani baraza. Wapo pia wanawake wachache walioipata. Uamuzi ulikuwa wa ukoo, kwa sababu mzigo wa sherehe ulibebwa na ukoo wote.

Mzigo huo haukuwa mdogo. Maziko yenyewe hufanywa mapema, na mwili huvishwa ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili hiyo. Baada ya hapo huanza kipindi cha miezi kama tisa ambacho kaburi huendelea kujengwa. Ndugu na wakwe hukusanya asali kutoka mbali na karibu, maana bila pombe ya asali hakuna sherehe, na pombe inayohitajika ni nyingi. Koo na majirani wana sehemu yao katika kazi, wengine kwa miti, wengine kwa udongo, na kila hatua ina siku yake, nyimbo zake na baraka zake.

Siku ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Wageni hufika kwa mamia, pengine kwa maelfu, na kupiga kambi kuzunguka kaburi kufuata koo zao. Wana wa marehemu hupanda juu ya bung'eda mbele ya umati, na kwa tendo hilo watu wote hushuhudia kwamba mzee amekuwa mmoja wa mababu wanaowaombea walio hai kwa Aseeta, yaani Mungu. Kwa kabila lililotawanyika kufuata maji na nyasi, mkutano huo pia ulikuwa nafasi ya kuonana, kupatana, kuposa na kukumbushana nasaba.

Sherehe ikimalizika, kaburi huachiwa mvua na jua. Hapa ndipo bung'eda inapotofautiana na mahali patakatifu pa mataifa mengine. Katika mji wa Thanjavur, kusini mwa India, mfalme Rajaraja wa Kwanza alijenga hekalu la mawe ya matale lililokamilika mwaka 1010, na hadi leo mahujaji wanaingia katika jengo lile lile. Bung'eda haikukusudiwa kudumu hivyo. Udongo humomonyoka, miti huoza, na baada ya miaka mingi mgeni anaweza kupita asione kitu. Kinachodumu ni ardhi ile na jina la aliyelala chini yake. Wajukuu huonyeshwa mahali, nao huenda hapo kuomba mvua, uzao na afya ya mifugo.

Makaburi yaliyostahimili mvua hayakustahimili jembe la trekta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilikubaliana na Canada kuanzisha kilimo kikubwa cha ngano Hanang, na shughuli hiyo ikasimamiwa na NAFCO, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Shamba la Basotu lilifuatiwa na mengine, yakiwemo Mulbadaw, Setchet, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Yote saba yalifikia ekari zipatazo 100,000, na sehemu kubwa ilikuwa muhajega. Nyumba zilibomolewa na njia za mifugo zikafungwa. Baadhi ya bung'eda zililimwa zikasawazishwa na konde, na nyingine zikabaki katikati ya ngano, mahali ambapo wenyewe hawakuweza kufika bila kuhesabiwa kuwa wavamizi.

Wananchi walikwenda mahakamani. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji walishinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi kisheria, na kwamba wanakijiji waliodai haki za kimila hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mwaka 1989 Wabarabaig waliwaandikia wananchi wa Canada barua ya wazi kuhusu ardhi na makaburi yao. Canada ilijitoa katika mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye NAFCO ikaondoka, na sehemu ya mashamba ikarudi mikononi mwa wanavijiji.

Ardhi inaweza kurudishwa, lakini kaburi lililolimwa halirudishiki kwa amri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda makaburi na majengo ya kabla ya mwaka 1863, na bung'eda nyingi za Hanang ni changa kuliko hapo. Sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza mambo mengine kuwa urithi unaolindwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inatambua haki za kimila na kuvipa vijiji mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yao. Njia za kuyalinda makaburi haya zipo, ila zinahitaji kwanza yajulikane yalipo. Wanaoyajua kwa majina ni wazee, na wazee wanapungua. Kila kijiji cha Basotu kinapaswa kuziandika bung'eda zake katika mpango wake wa ardhi wakati wazee hao wangali hai, kwa maana kwa Mbarabaig kaburi la babu ndiyo hati ya kwanza ya nchi yake.