Maziwa ya manjano si ya babu zetu, na mimi ndiye niliyewadanganya

Leo nimekuja kurekebisha kosa langu. Wale mnaonifuata tangu mwanzo mnaikumbuka ile video niliyorekodi jikoni kwetu hapa Ogembo: maziwa, manjano, tangawizi, pilipili manga kidogo na asali. Nikasema, tena kwa sauti ya kujiamini, eti hiki ni kinywaji cha asili cha Abagusii, eti babu zetu walikinywa kila jioni na ndiyo maana waliishi miaka mingi. Video ikaenda mbali kuliko zote. Halafu magokoro, mama yake baba, akaonyeshwa kwenye simu ya binamu yangu.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Manjano? Mimi manjano nimeyajua nikiwa tayari na watoto watatu. Hizo habari za wazee ulipewa na nani?"

Nilicheka pia. Kilichonikata kicheko ni ujumbe wa mama mmoja aliyeniandikia wiki hiyo hiyo, kwamba ameacha tembe zake za presha kwa sababu amepata "dawa ya wazee". Nilimpigia papo hapo, nikamsihi arudi kliniki. Alirudi, akakuta presha iko juu sana. Sasa yuko sawa, lakini mimi sijatulia. Ndiyo maana nimekaa chini nikatafuta historia ya kweli, ile ambayo ningeitafuta kabla ya kubonyeza "chapisha".

Wazee walikunywa nini basi? Maziwa, ndiyo, tena kwa fahari. Lakini yalikuwa amabere amaruranu, maziwa yaliyowekwa kwenye kibuyu yakaachwa siku kadhaa hadi yagande na kuwa machachu, yakaliwa na obokima bwa wimbi. Hayakuwa na viungo wala sukari. Ladha ililetwa na kibuyu chenyewe na vijidudu vizuri vilivyoishi humo. Watafiti wa Kenya wamevichunguza na kuvichapisha kwenye majarida ya sayansi, na jina letu la Kikisii wameliacha vilevile kwenye kichwa cha makala. Hapo ndipo ningejivunia bana, lakini nilikuwa nahangaika na rangi ya dhahabu kwa ajili ya kamera.

Na maziwa hayo yalitegemea ng'ombe waliolindwa na vijana kwenye ebisarate, zile kambi za mifugo. Mwingereza alipokuja kutuadhibu mwaka 1905, na tena 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote, ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu. Katika muongo uliofuata ebisarate zenyewe zikapigwa marufuku. Kwa hivyo ukisikia mzee akisema "zamani kulikuwa na maziwa", ujue si kumbukumbu tamu tu, anazungumzia mali iliyoporwa.

Viungo vina safari yao. Karafuu zilipandwa Unguja na Pemba kwa wingi enzi za Sayyid Said, karne ya 19. Manjano, iliki na tangawizi asili yao ni Asia, na pwani ilivijua kupitia biashara ya Bahari ya Hindi miaka mingi kabla sisi wa milimani hatujavinusa. Hata majina yanajieleza: karafuu ni neno la Kiarabu, na mdalasini ukiufuata nyuma unafika kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya mti wa China. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901, ikijengwa na Wahindi zaidi ya 30,000. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki na ndugu zao wafanyabiashara wakafungua maduka. Kutoka Kisumu mizigo ilivuka ziwa hadi Kendu Bay, kisha ikapandishwa hadi mji wa Kisii, ulioanzishwa mwaka 1907. Ni kwenye rafu za maduka hayo ndipo pakiti za masala zilitungoja, pamoja na sukari na majani ya chai.

Chai ndiyo iliyofungua mlango wa viungo kwetu. Ilipandwa Kenya mara ya kwanza kule Limuru mwaka 1903, kisha kampuni kubwa zikaingia Kericho, hapo jirani, miaka ya 1920. Mwafrika aliruhusiwa kuichuma kwa mshahara, lakini kuipanda shambani kwake alingoja hadi miaka ya 1950. KTDA ilianzishwa 1964, na leo hapa Ogembo tuna kiwanda cha chai. Magokoro anasema chai ya maziwa aliizoea kwanza kwa wageni na siku za Krismasi. Tangawizi ikaja baadaye, kwa ajili ya kifua na baridi ya Julai. Manjano aliyajua kwanza kama kitu cha kutia rangi kwenye mchuzi. Kuyaweka kwenye maziwa? Hilo aliliona kwangu.

Na mimi niliona wapi? Nairobi, kwenye mkahawa mmoja, shilingi 450 kikombe, kikiwa na jina la Kizungu lenye neno dhahabu. Wazungu nao walikitoa India, ambako mabibi wamekuwa wakiwapa watoto wenye kikohozi tangu zamani. Na Wahindi wana sababu ya kuwa wakali juu ya jambo hili. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa watafiti wa chuo cha udaktari cha Mississippi juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa sayansi la India, CSIR, likapinga. Lilipeleka ushahidi wa maandishi, mengine ya Kisanskriti, mengine makala ya kidaktari ya mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Nilivyosoma hivyo nikaona haya kweli. Wao waliuthibitisha urithi wao kwa karatasi mbele ya sheria, mimi nikauchukua kwa video ya dakika moja nikawapa babu zangu ambao hawakuuomba.

Je, niache kukinywa? La hasha. Kinatuliza koo na kinanisaidia kulala, na hiyo inanitosha. Hakishushi presha, na kiambato maarufu cha manjano mwili unakifyonza kwa shida sana. Pilipili manga inasaidia kufyonzwa, ndiyo, lakini kijiko cha manjano kwenye maziwa bado si tembe. Tena mwenye dawa za kuzuia damu kuganda aulize daktari kabla ya kuyazoea.

Basi hii ndiyo njia ninayopika sasa, na sehemu muhimu nimefundishwa na magokoro. Kwenye ile video maziwa yangu yalikatika nikayaficha kwa chujio. Kumbe tangawizi mbichi hukatisha maziwa ukiitia moja kwa moja. Chemsha kwanza tangawizi iliyopondwa kwenye nusu kikombe cha maji, iachie dakika tano, iliki mbili na kipande cha mdalasini humo humo. Halafu tia vikombe viwili vya maziwa, robo kijiko cha manjano na pilipili manga kidogo sana. Maziwa ya kuletwa na boda yachemke kabisa yafure, kwa sababu homa ya ng'ombe ipo, si hadithi. Asali weka ukishaepua.

Ile video nimeifuta leo asubuhi. Magokoro nilimpelekea kikombe, akaonja, akasema si mbaya, halafu akauliza kama bado kuna majani ya chai ndani ya nyumba.